Mzee si Maktaba



Mwaka 1960, mbele ya UNESCO, Amadou Hampâté Bâ wa Mali alimfananisha mzee anayefariki na maktaba inayoteketea. Tangu hapo sijui semina ya kuwakutanisha wazee na vijana iliyofunguliwa bila kauli hiyo. Bâ mwenyewe simlaumu: alikuwa akitetea masimulizi ya mdomo yahifadhiwe kabla hayajapotea, na haki ilikuwa yake. Walioiazima kauli ndio walioiharibu. Ukimgeuza mzee maktaba, kijana anakuwa msomaji: anyamaze, achote, aondoke. Maktaba haiugui upweke. Haikuulizi mbona leo umenuna, wala wewe huiulizi imeamkaje.

Nimeyaona matunda ya fikra hiyo. Katika chuo kimoja wastaafu waligawiwa vijana kwa orodha, na fomu juu. Mzee mmoja akazungumzia nidhamu ya zamani saa nzima. Binti aliyekaa mbele yake alikuwa ametolewa vyombo nje kwa kodi ya chumba, na begi lake lilikuwa pale pale miguuni. Hakupata upenyo wa kulisema tatizo lake.

 Kwa mfano wa kinyume, twendeni Mbare, Harare, ambako mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi na akina bibi 14. Kifaa chao kikubwa kilikuwa benchi la mbao nje ya zahanati. Daktari alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Akina bibi wakamwambia hakuna atakayethubutu kulikalia. Likawa Benchi la Urafiki. Napenda kwamba somo la kwanza alipewa daktari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulihusisha watu 573 kwenye zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 ya waliopitia benchi, dhidi ya 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mtaniambia wahudumu wale walifundishwa na kusimamiwa, na kwamba waliokuja wengi walikuwa wanawake watu wazima, si vijana wa chuo. Ni kweli. Basi tusiupe uzee peke yake sifa yote. Lakini tazameni utaratibu wenyewe: mgeni anayataja matatizo yake yote, kisha yeye ndiye anayechagua moja la kuanzia. Bibi hachagui.

Hilo halikunishangaza. Bibi yangu aliniita mume wake, nami nikimtania kwamba mahari sijamaliza. Alikuwa akinipa simu nimsomee ujumbe wa M-Pesa, nimhakikishie hajaibiwa. Hapo hapo, macho yakiwa kwenye mchele anaochambua, ananiuliza nani kaniudhi. Nilimweleza mambo ambayo baba hakuyasikia kamwe. Alinihitaji, ndipo nami nikaweza kumhitaji.

Kwa hiyo chuo chetu kikianzisha programu yake ya wazee na vijana, swali la kwanza kwenye fomu ya mstaafu liwe: unataka kijana akusaidie nini? Atakayeiacha nafasi hiyo wazi, mimi nisingempangia kijana.