Wajibu wa Mwenye Bima kwa Jirani Yake



Wengi wetu hapa Mtwara tumezoea kuiona bima kama hirizi ya kumkinga mwenye pikipiki dhidi ya askari wa barabarani. Hununuliwa kwa haraka, hutiwa mfukoni, wala haisomwi. Labda tabia hii tumeirithi. Tangu mwaka 1967 hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1996, huku Bara Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake katika kazi hiyo, na mwananchi hakuwa na la kuchagua. Sasa makampuni ni mengi, na mwenye kuchagua yampasa aelewe anachochagua.

Sheria humtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe walau na bima ya mtu wa tatu. Mtu huyo ni nani? Ni mama anayetembea kando ya barabara ya Msimbati na kikapu chake cha samaki. Ni mtoto anayetoka shule pale Mikindani. Pikipiki yako ikivunjika, utaitengeneza kwa fedha zako mwenyewe. Bima hiyo ilikatwa kwa ajili yao.

Tuchukue mfano. Kijana anaulizwa na wakala: pikipiki ni ya matumizi gani? Anajibu kuwa ni yake binafsi, ili alipe ada iliyo nafuu. Kesho yake yuko kijiweni, anapakia abiria wa kwenda Kilambo. Ikitokea ajali, lile jibu litachunguzwa kwanza. Mkataba wa bima hujengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, kwa maana kampuni inajua tu yale uliyoieleza. Uongo, au hata kunyamazia jambo lililo muhimu, huweza kuipa sababu ya kuukana mkataba. Na hata ikilazimika kumlipa majeruhi, yaweza kumgeukia mwenye chombo ili irudishiwe fedha zake.

Nasikia wengine wakisema, "Fomu aliijaza wakala." Je, sahihi ni ya nani? Asiyejua kusoma na asomewe na mtu anayemwamini kabla hajatia dole gumba. Tena adai stakabadhi, na ahakikishe kwa namba ya usajili wa chombo, katika mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kwamba bima yake imeandikwa kweli.

Wenye maduka na mashua nao wasidhani kuwa kila hati hufidia kila janga. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitukaribia, kisha kikatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Siku ya tahadhari kama ile si siku ya kuanza kuuliza kama hati yako inataja dhoruba na mafuriko.

Ajali ikitokea, toeni taarifa polisi na kwa kampuni bila kukawia. Msikubali kosa kwa maandishi, wala msitengeneze chombo kabla hakijakaguliwa. Tajeni hasara kama ilivyo. Anayeiongeza anachota katika mfuko wa wenzake.

Kampuni nayo ina wajibu wake. Ikikataa bila sababu ya haki, malalamiko hupelekwa TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini atakayefika huko bila stakabadhi, bila nakala ya fomu, bila taarifa ya polisi, atakuwa na neno lake tu.