Kesho Mwachie Mungu, Dawa Meza Leo

Leo nazungumza nawe uliyepimwa ukaambiwa una virusi vya UKIMWI, na sasa usiku hupati usingizi. Unawaza: nitaishi miaka mingapi? Watoto wangu watalelewa na nani? Nimewaona wengi kliniki ambao mawazo hayo yaliwafanya wakose hamu ya kula, kisha wakaanza kuruka dawa.

Katika Mathayo sura ya 6, Yesu anatufundisha tusiisumbukie kesho. Hakusema tukae bure. Ndege anaowataja hulishwa na Mungu, lakini asubuhi hutoka kiotani kutafuta.

Basi kila jioni omba, mkabidhi Mungu kesho, kisha umeze dawa saa ile ile uliyopangiwa. Ukizimeza kila siku, virusi hupungua mwilini, na unaweza kuishi ukawaona wajukuu. Mama mjamzito akizitumia vizuri, anaweza kumzaa mtoto asiye na virusi. Usiache dawa kwa sababu umeombewa. Maombi na dawa havigombani.

Wasiwasi ukizidi, au ukifikiria kujiua, usingoje. Nenda kituo cha afya leo, umweleze muuguzi. Mungu akubariki.