Makaburi, Ngome na Mifereji: Mwislamu Anapoitembelea Deccan

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, na hasa nyinyi vijana mnaojiandaa kwenda masomoni India, mmetutaka tuzungumze juu ya kutembelea mahali pa kale katika nchi hiyo. Mmoja wenu ametuletea swali la maandishi: je, jambo hilo lafaa, ilhali sehemu kubwa ya mahali hapo ni makaburi? Swali hili lina uzito wake, nasi tungependa tulijibu kabla hatujasimulia lolote.

Kufunga safari kwa nia ya kutafuta fadhila ya mahali maalumu, hilo Mtume (s.a.w.) amelihusisha na misikiti mitatu, nanyi mnaijua. Ama kutembea katika ardhi ili kuona ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, Qur'ani imelihimiza si mara moja. Mwanafunzi aliyeko Pune kwa masomo, akaenda siku mbili za mapumziko kutazama na kuzingatia, hakufunga safari ya ibada. Mtihani wake unaanza pale anapovua viatu mlangoni mwa ziara na kuwaona wenziwe wanasujudu.

Tutazungumzia eneo moja tu, lile la uwanda wa Deccan linalozunguka Aurangabad katika jimbo la Maharashtra. Tangu mwaka 2023 mji huo unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar. Sisi tutatumia jina la zamani kwa kuwa ndilo mtakalolikuta vitabuni.

Yapata kilomita 15 kutoka mjini iko ngome ya Daulatabad, juu ya mlima ambao kuta zake zimechongwa wima hata mbuzi asipate pa kukanyaga. Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq aliufanya mji huu kuwa makao makuu badala ya Delhi, akawahamisha wakuu, wanazuoni na watu wengi kwa shida kubwa, na baada ya miaka michache akabadili shauri. Anayepanda ngome hiyo hupita ndani ya njia ya giza iliyopinda makusudi, ili adui aliyeingia asijue anakokwenda. Sisi tulipita na tochi, na bado tulishikana mikono.

Nyinyi watu wa pwani mnaye ndugu mliyemtangulia kumpokea kabla ya Deccan kumpokea. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kumsifu Sultani wa Kilwa kwa ukarimu, baadaye alikuwa kadhi Delhi chini ya huyo huyo Muhammad bin Tughluq, kisha akapita Daulatabad alipotumwa kwenda China. Katika safari yake ameeleza habari za shimo la wafungwa ndani ya ngome, na panya wake wakubwa kuliko paka, kiasi cha paka kuwakimbia! Aliyesoma habari hizo kwa Kiarabu, kisha akasimama mbele ya mwamba wenyewe, husoma vingine arudipo nyumbani.

Chini ya ngome upo msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1318. Hapa tunawaomba mtuelewe vizuri. Baada ya dola ya Hyderabad kuingizwa India mwaka 1948, ndani ya msikiti huo iliwekwa sanamu ya Bharat Mata, nayo ipo mpaka leo. Mwislamu akiingia roho humuuma. Lakini ainue macho atazame nguzo: nyingi katika hizo zilikuwa nguzo za mahekalu kabla ya kuwa nguzo za msikiti. Anayesimulia habari ya sanamu na kunyamazia habari ya nguzo hajatoa ushahidi kamili, na sisi tumeamrishwa kusimama na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Masimulizi ya nusu nusu ndiyo yanayowasha moto katika nchi ile, na hayatoki upande mmoja.

Kutoka hapo barabara hupanda hadi Khuldabad, mji mdogo uliojaa makaburi ya masufi, watawala na watumishi wao. Ndani ya ua wa kaburi la Zainuddin Shirazi amezikwa Aurangzeb, aliyetawala kuanzia 1658 hadi alipofariki mwaka 1707 akiwa na umri wa miaka 88. Sisi tuliosoma fiqhi tulikutana naye kwanza rafuni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamuru wanazuoni wakusanye *al-Fatawa al-Hindiyya*, kitabu mashuhuri cha madhehebu ya Hanafi. Ufalme wake ulienea karibu India nzima. Kaburi lake ni udongo mtupu chini ya mbingu, na juu yake hupandwa mrehani. Ukuta wa marumaru mnaouona kando uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba aliusia gharama za maziko yake zitokane na fedha kidogo alizopata kwa kushona kofia, kazi ambayo wazee wetu wangali wakiifanya barazani.

Tulisimama hapo kwa muda mrefu. Kaburi hilo limekaribia mno lile alilotufunza Mtume (s.a.w.), aliyekataza makaburi kupakwa chokaa na kujengewa. Hata hivyo, kaburi la Sunna halimfanyi mtu kuwa ametakasika. Aurangzeb alimfunga baba yake mzazi, Shah Jahan, hadi kifo chake mwaka 1666, na aliwaua ndugu zake katika kugombea kiti. Mwaka 1679 aliirudisha jizya, na mwaka 1689 akamuua Sambhaji, mfalme wa Wamaratha, ambaye mji wa Aurangabad sasa unaitwa kwa jina lake. Machi 2025 yalizuka madai makali ya kutaka kaburi lake liondolewe, na ghasia zikatokea katika mji wa Nagpur. Mkienda, mtawakuta askari, na mtaulizwa na watu mnasemaje juu ya mfalme huyu. Semeni mnayoyajua yote, au nyamazeni.

Hatua chache kutoka hapo tuliyaona yale tuliyoyaogopa. Watu wanazunguka makaburi, wanafunga nyuzi, wanawaomba waliomo ndani watoto na ajira. Mtu aliyezikwa humo angefufuka angewauliza kwa nini hawamwombi Yule aliyekuwa akimwomba yeye. Nyinyi wasalimieni watu wa makaburi, waombeeni, kumbukeni akhera, mwondoke kwa adabu. Msigombane na mtu nyumbani kwake.

Mjini Aurangabad lipo Bibi Ka Maqbara, kaburi la Dilras Banu, mkewe Aurangzeb, aliyefariki mwaka 1657. Aliyelibuni ni Ata-ullah, mwana wa Ustadh Ahmad aliyehusika na Taj Mahal, na mfanano unaonekana. Marumaru imetumika kwenye kuba na sehemu za chini, kwingine ni lipu. Wageni husimama juu na kutupa sarafu kaburini. Hatuna zaidi la kusema kuhusu jengo hilo, ingawa wanaouza picha watawaambia ndilo la kwanza kutazamwa.

La kwanza, kwa maoni yetu, ni maji. Mji huo uliasisiwa mwaka 1610 kwa jina la Khirki, na aliyeuasisi alikuwa Mwafrika. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi yapata mwaka 1548, akauzwa utumwani angali mtoto, akapitishwa soko baada ya soko hadi Baghdad, ambako bwana wake alimsomesha na kumpa jina la Ambar. Kisha akauzwa Deccan kwa waziri wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mhabeshi. Bwana huyo alipokufa, Ambar akawa huru, akakusanya askari, na Wamoghuli walipoiteka ngome ya Ahmadnagar mwaka 1600 yeye ndiye aliyeisimamisha tena dola hiyo na kuiongoza. Mfalme Jahangir alimchukia hata akachorwa akikipiga mishale kichwa cha Ambar, jambo ambalo hakuliweza nje ya karatasi. Ambar alifariki mwaka 1626, akiwa na karibu miaka 80, bila kushindwa kabisa.

Mtu huyu alichimba mifereji ya chini ya ardhi kutoka vilimani ikauletea mji mzima maji, nayo iliendelea kutumika kwa karne kadhaa. Waliomfuata walijifunza kwake. Katika karne ya 18 ulitengenezwa mfereji mwingine uliozungusha kinu kiitwacho Panchakki, kilichosaga nafaka kwa ajili ya mafakiri na wanafunzi. Sisi walimu wa madrasa tunaohangaika kila mwezi kwa unga wa wanafunzi tulikitazama kinu hicho kwa wivu, tukajiuliza ni lini waqfu zetu zitapata mtu wa kufikiri namna hiyo.

Kaburi la Malik Ambar nalo liko Khuldabad, pembezoni mwa mji. Lina kuba, na hatulisifu kwa hilo. Mabasi ya watalii hayasimami hapo, kwa hiyo ulizeni njia mapema, kabla ya Alasiri. Sisi tulipofika hapakuwa na mtu ila mchungaji na mbuzi wake. Tukamwombea dua Mhabeshi yule, tukateremka.

Wabillahi tawfiq.