Magoti Tunayo, Njia Hatuna

Tangazo la Wizara ya Afya mmelisikia, wengine mmelisikia mpaka mmechoka: Siku ya Kitaifa ya Mazoezi imefika tena. Tutoke, tutembee, tukimbie, tuikimbie sukari na presha. Siku hii imekuwapo tangu Julai 2018, na redio hii haina ugomvi nayo. Kinachotusumbua ni kiungo ambacho tangazo halikukitaja hata mara moja. Goti. Na hasa goti linalolia.

Pita soko la Kamwokya, hapa Kampala, saa nne asubuhi. Mama muuza nyanya amekaa kwenye kigoda kifupi tangu alfajiri, magoti yamekunjwa karibu yaguse kidevu. Mteja anadai chenji. Mama anashika paja, anajisukuma, anainuka, na goti linasema ka! Jirani yake wa vitunguu anamtania: nnyabo, mifupa imekauka mafuta. Wanacheka wote wawili. Lakini jioni mama yuleyule anasimama dirishani pa duka la dawa, na hapo kicheko kinaisha. Anaambiwa mifupa inasagana. Anauziwa diclo, dawa ya maumivu. Vidonge vimekatwa kwa mkasi, na kipande chenye jina la dawa na tarehe ya kuisha kimebaki dukani. Hapimwi presha. Haulizwi kama ana vidonda vya tumbo. Wiki ijayo atarudi, na wiki ya pili yake atarudi tena.

Basi tuseme jambo moja, na tutalirudia: goti linalolia bila kuuma si ugonjwa.

Ndani ya kiungo mna majimaji mazito yanayolainisha, na katika majimaji hayo mna gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, mgandamizo unashuka na gesi inajitokeza, kama soda inapofunguliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada walilionyesha hilo mwaka 2015, walipovuta vidole ndani ya mashine ya MRI huku picha zikipigwa mpaka kidole kikalia. Mara nyingine ni kano tu imeruka juu ya mfupa na kurudi mahali pake. Mara nyingine ni pia ya goti, ule mfupa wa duara unaouona mbele, inapoteleza kwenye mfereji wake. Yuko daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyeliza vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha mkono wa kulia, ili amalize ubishi wa mama yake aliyemwambia atapata ugonjwa wa viungo. Hakuupata, katika mkono wowote. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ndiyo, vidole si magoti, na mtu mmoja si utafiti. Lakini ni mtu mkaidi, na wakaidi tunawapenda hapa Kamwokya.

Tusiwadanganye pia. Mlio wa kukwaruza unaorudi kila siku, hasa kwa mtu wa makamo, unastahili kuangaliwa. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulikuta kwamba wenye mlio wa mara kwa mara ndio waliokuwa karibu zaidi kupata maumivu ya kulika gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, miaka iliyofuata. Na goti lililovimba, goti lenye moto pamoja na homa, goti linalokwama katikati ya hatua, goti linalokuangusha, goti la aliyedondoka kwenye boda boda na hawezi kukanyaga, hayo si ya kusubiri. Mtoto mwenye goti lililovimba na kupata moto apelekwe siku hiyohiyo. Hospitali ya Mulago ni hapo, kilima tunachokiona kila asubuhi. Lakini kwa goti linalolia tu, diclo ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Tena dawa hiyo ikimezwa mfululizo inachubua tumbo, inachosha figo na inaweza kupandisha presha. Presha ileile ambayo wizara inatuambia tuikimbie.

Tukimbilie wapi, basi? Hapo ndipo penye kero yetu, na mnaotusikiliza kila wiki mmeshaijua. Magoti tunayo, njia hatuna.

Barabara ya Kira ilipopanuliwa tulionyeshwa njia ya waenda kwa miguu, na tulipiga makofi. Leo njia hiyo ni steji ya boda boda, ni maegesho, ni mahali pa kuwekea makreti ya soda na magodoro ya kuuza. Mtu wa miguu anashuka barabarani, anakwepa kioo cha teksi, anapanda ukingo, anashuka tena. Ingia ndani, mitaa ya Kifumbira au Mulimira: njia ni ubao juu ya mtaro, kisha mteremko wa udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kushuka mteremko ndiko goti linakolemewa zaidi. Daktari anamwambia mgonjwa epuka miteremko. Mgonjwa anaishi mteremkoni.

Aprili 2023, mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipoanzisha yale maonyesho ya mashimo ya Kampala mtandaoni, nchi nzima ilipiga picha mashimo. Ilikuwa kazi nzuri, na serikali ilishtuka. Lakini kilio kilichosikika zaidi kilikuwa cha wenye magari: matairi, springi, shokapu. Anayetembea kutoka Kamwokya hadi mjini kwa sababu hana nauli, yeye shokapu zake ni magoti, na hazina spea. Magoti anayo. Njia hana.

Nako ng'ambo ya barabara, upande wa Kololo, watu wanalipa pesa ili watembee juu ya mashine mahali pamoja. Hatuwaonei kijicho. Mwaka 2020, wakati wa zuio la korona, Rais mwenyewe alituonyesha kwenye video namna ya kufanya mazoezi ndani ya nyumba, akizunguka chumba mbio na kupiga push-up miguu mitupu. Wazo lilikuwa zuri. Ila chumba kile kilikuwa na mahali pa kuzunguka. Mwenye muzigo wa chumba kimoja, kitanda, jiko, pazia na watoto wanne, akizunguka mara moja ameshamwaga maji.

Halafu kuna wanaosema afadhali tukae, kwa kuwa kukimbia kunamaliza magoti. Si kweli. Mwaka 2017 wataalamu walijumlisha tafiti nyingi na kukuta kwamba wanaokimbia kwa afya zao, watu wa kawaida, waliokuwa na ugonjwa wa kulika nyonga au magoti ni kama 3.5 katika kila 100. Wanaokaa tu walikuwa 10.2. Waliozidi hapo ni wakimbiaji wa mashindano makubwa, 13.3. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei amekimbia mpaka akaleta dhahabu ya mita 10,000 kutoka Paris mwaka 2024. Hiyo ni kazi yake, na ana wa kumhudumia. Wewe na mimi hatari yetu ni kigoda, na kiti cha boda boda tangu asubuhi hadi usiku goti likiwa limekunjwa pembe moja.

Neno kuhusu kupiga magoti. Hapa Buganda binti na mke hupiga magoti kusalimia, na hatutaki simu za matusi studioni: adabu ibaki adabu. Lakini mama mkwe mwenye busara akiona mkamwana anakunja uso kila anaposhuka, amwambie, kaa tu mwanangu, nimekuona. Heshima haitapungua kwa hilo.

Goti linalouma linataka nini? Linataka msuli. Goti halijishiki lenyewe, linashikwa na paja, na paja likilegea mzigo wote unaangukia kiungo. Msuli hauuzwi dukani. Unatengenezwa mkekani, ndani ya muzigo huohuo, wala huhitaji kuzunguka. Kaa chini, nyoosha mguu, viringisha kitenge uweke chini ya goti, kisha ligandamize kitenge hicho kwa nguvu za paja, uhesabu taratibu hadi tano, uachie. Mara kumi, mguu wa pili vilevile. Ukizoea, lala chali, kunja mguu mmoja, na ule ulionyooka uinue kama futi moja, uushushe polepole. Polepole ndiyo dawa yenyewe, ukiuangusha umejipunja. Lala kwa ubavu, uinue mguu wa juu, maana nyonga ikiwa dhaifu goti linayumba ndani kila hatua.

Kisha lipo lile la kiti, na kama utafanya moja tu, fanya hili. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, inuka bila kushika kitu. Kaa tena kwa kuchelewa, usijitupe. Kiti kikiwa kifupi mno weka godoro lililokunjwa juu yake upate kimo. Mara nane, mara kumi, pumzika, rudia. Goti litalia hapo, nakuhakikishia. Goti linalolia bila kuuma si ugonjwa. Likiuma kidogo wakati wa zoezi, endelea. Likiamka kesho na maumivu makali kuliko ya jana, punguza idadi, usiache.

Na usitegemee muujiza wa siku tatu. Nchini Denmark wana mpango unaoitwa GLA:D, ulioanza 2013, wa kufundisha wenye maumivu ya magoti na nyonga na kuwafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Wiki sita. Sisi tunataka sindano ya jioni moja. Uzito nao una hesabu yake: watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Kila hatua! Mwenye rolex mbili za usiku, zile chapati za mayai, afikirie.

Sasa, ndugu zangu, tumesema kwa upole kiasi cha kutosha. Mwenye duka la dawa, acha kumtisha mama wa watu kwamba mifupa inasagana. Hujaiona mifupa yake! Mpime presha, muulize tumbo, mwambie akaonane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nao wapo Mulago. Mwenyekiti wa steji, pikipiki zako zina barabara nzima. Njia ya miguu si yako. Wewe mwenye duka la magodoro, ingiza magodoro ndani. Wewe mwenye kigoda, kila nusu saa simama, nyoosha goti, mteja atangoja. Kijana unayemcheka bibi goti likilia, lako pia linalia, ni muziki tu umeupandisha. Inukeni! Msingoje Julai nyingine. Msingoje fulana za bure. Goti halina sikukuu.

Nanyi KCCA, mamlaka ya jiji letu, nanyi waheshimiwa wa wizara, Jumapili tutawaona mkitembea na bendi mbele, barabara imefungwa kwa ajili yenu, polisi kila kona. Tembeeni, tunawaunga mkono. Ila mkimaliza picha, vueni namba za vifuani, rudisheni bendi, halafu mtembee tena kipande kimoja kifupi: kutoka Jumba la Makumbusho hadi soko la Kamwokya, kwa njia ya waenda kwa miguu peke yake, bila kushuka barabarani hata hatua moja. Mhandisi awe nyuma yenu na daftari. Mkifika sokoni bila kushuka, Jumatatu saa moja asubuhi tutawaomba radhi hewani, kwa majina yenu yote.