Kuni, Mvua na Haki ya Jikoni
Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu, wazee na Wakristo wa parokia, katika sikukuu ya Jubilei



Nimeagizwa kunena habari ya mabadiliko ya mvua katika nchi yetu ya Tanzania, na habari ya sheria mpya za kuni na mkaa. Watu wengi huyatenga mambo haya mawili, wakidhani la kwanza ni la wataalamu na la pili ni la serikali. Lakini yote mawili hukutana mahali pamoja, napo ni penye mafiga matatu ya mama.

Kwanza tuitazame mvua. Kwa muda wa miaka mia na zaidi mataifa yenye viwanda yamechoma makaa ya mawe na mafuta, na moshi wake umeifanya hewa ya dunia kuwa na joto kuliko zamani. Bara zima la Afrika halitoi hata sehemu 4 katika kila 100 za moshi huo. Basi hewa ikizidi joto kwa digrii 1, huweza kushika mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ndiyo sababu jua hukausha udongo upesi, na mvua ikija huja kwa ghadhabu. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ilitangaza ya kuwa watu 155 wamekufa nchini kwa mafuriko na maporomoko ya mvua za msimu ule, na huko Rufiji na Kibiti mashamba yalifunikwa na maji. Lakini mwaka 2022 watu wa nchi hii hii walilia ukame.

Pili, tuutazame umeme. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika mito. Mwaka 2006, na tena mwaka 2022, mabwawa yalipungua maji, umeme ukagawiwa kwa zamu. Mashine za kusaga zikasimama, na mafundi wa kuchomelea wakakaa mikono mitupu. Mwezi wa Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulianza kazi katika mto Rufiji. Nguvu za mitambo yake yote ni megawati 2,115. Ni kazi kubwa, nasi twaishukuru. Lakini mto Rufiji hulishwa na Ruaha Mkuu pia, na huo Ruaha, tangu mwaka 1993, umekauka mara nyingi wakati wa kiangazi, si kwa ukame peke yake, ila na kwa maji yanayochukuliwa mashambani huko Usangu. Kwa hiyo atunzaye chemchemi na msitu wa mlimani huitunza na taa ya mjini.

Sasa nafika jikoni. Nyumba nyingi katika nchi yetu hupika kwa kuni na mkaa. Moshi wake huumiza macho na mapafu ya mama, na ya mtoto aliyefungwa mgongoni. Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya misitu, serikali ilianza mpango mwezi wa Mei 2024, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2024, shule na vyombo vingine vinavyopikia watu zaidi ya 100 kwa siku vilikuwa vimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Nia hiyo ni njema, wala hakuna mwenye akili atakayeutetea moshi.

Lakini waalimu, pimeni neno hili. Katika shule nyingi za vijijini, mzazi hutoa debe la mahindi, maharage kidogo, na mzigo wa kuni. Mzigo ule ni mchango wa mtu mwenye mikono asiye na fedha. Gesi haichumwi porini. Hununuliwa kwa shilingi. Siku tunapoiondoa kuni, tumebadili mchango wa nguvu kuwa mchango wa fedha, tena kwa mzazi ambaye mahindi yake yamekauka shambani kwa ukame ule ule. Kama hakuna aliyefikiri fedha hiyo itatoka wapi, sufuria itaondoka mafigani pamoja na kuni, na mtoto atasoma na njaa.

Mjini nako ni hivyo hivyo. Serikali imeuza mitungi midogo ya gesi kwa nusu ya bei, na wengi wameipata. Lakini mtungi hujazwa kwa fedha ya mara moja, na mkaa hununuliwa kwa kopo. Mama auzaye vitumbua hupata fedha yake kidogo kidogo kila siku. Naye hununua moto wake vivyo hivyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: hudhani mama huyu ameipenda masizi, kumbe ameshindwa na bei.

Tena yuko mchoma mkaa. Mara nyingi ni mkulima aliyekosa mavuno. Mkaa ndio akiba yake ya mwaka mbaya. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku, lakini amri ile haikudumu, maana wapishi hawakuwa na moto mwingine. Lakini huko Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa vilifundishwa njia ya tatu. Waligawa sehemu ya msitu wao katika viwanja vya meta 50 kwa 50, wakakata kimoja na kuacha cha jirani, ili kila kiwanja kipumzike miaka 24. Na visiki viliachwa vichipuke. Kila gunia lililipiwa ushuru kijijini, na fedha ikasaidia majengo ya shule na kazi nyingine za kijiji. Hapo mchoma mkaa aligeuka kuwa mlinzi wa msitu.

Basi yatupasa nini? Kamati za shule zifanye hesabu ya moto kama zifanyavyo hesabu ya unga, na kuipeleka kwa wakubwa mapema, wakiomba jiko pamoja na fedha ya kulilisha. Vyama vya akiba vya akina mama viweke fungu la kujazia mtungi. Haba na haba hujaza kibaba. Ambao hawajaweza, wajenge majiko banifu, watumie kuni zilizokauka, na maharage yalowekwe usiku kucha, maana hayo huiva upesi. Na kila shule iwe na shamba lake la miti, kwa kuwa mwenge wa leo usiwe giza la kesho.

Nasi tunapokutana na wenye kutunga sheria, tuseme kwa adabu na bila hofu: anayefunga mlango wa kuni, kwanza na afungue mlango mwingine, mpana wa kutosha mjane kupita na mzigo wake. Wazee waliotutangulia walituachia msitu na mvua za majira. Sisi tusiwaachie watoto amri tupu na sufuria baridi.