Kete Sitini na Nne



Jana alasiri nilikaa Mkunguni, hapa Lamu, mbele ya ngome, nikitazama bao. Mashimo 32, kete 64, na watazamaji wanaojua kuliko wachezaji, kama ilivyo ada. Zile kete za komwe zikanikumbusha kisa cha sataranji.

Mnakijua. Mwanahistoria Ibn Khallikan amekisimulia: Sissa, aliyebuni sataranji, alimwomba mfalme punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, mpaka wa 64. Sisi tutie mchele badala ya ngano, na kete badala ya miraba. Kuongeza maradufu si jambo geni kwetu: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Bibi zetu waliishia hapo, na walikuwa na akili zao, maana ukiifikia kete ya 64 jumla ya punje ni

18,446,744,073,709,551,615.

Tukikadiria punje 1,000 kuwa gramu 25, huo ni mchele wa tani bilioni 460 hivi. Dunia nzima ingelima zaidi ya karne nane kwa mavuno ya sasa.

Ukubwa wake, hata hivyo, haunishughulishi sana. Mimi nataka tuipasue tuone ndani.

Mwanazuoni al-Biruni, miaka kama 1,000 iliyopita, hakuhangaika na kete moja moja. Alizidisha namba kwa yenyewe: 2 ikawa 4, 4 ikawa 16, kisha 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Mara ya sita umefika, toa 1. Sasa tazameni: 16 × 16 ukitoa 1 ni 255, nayo ni 15 × 17. Namba yetu inashuka ngazi hiyo hiyo mpaka chini:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297.

Kila moja ni kituo cha al-Biruni kilichoongezwa 1.

Mwaka 1640 mwanahisabati Fermat aliamini kwamba namba za aina hii zote ni tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo ni tasa kweli. Ya sita ndiyo iliyomwumbua, na aliyeifichua ni Euler, mwaka 1732. Baadaye Euler alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, ukiacha 1, sharti kiwe mafungu ya 64 na 1 juu yake. Kete zetu hizo, zimerudi! Hesabuni nami: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577. Zote zinaacha baki. Ya kumi ni 641, nayo inaingia sawasawa, mara 6,700,417.

Ongezeni 2 juu ya namba ya mchele, mpate jirani yake inayoishia na 617. Hiyo ilipasuliwa mwaka 1880 na Landry, Mfaransa, akiwa mzee wa miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721. Mtakaotaka kuhakikisha, acheni kikokotoo cha simu, huenda kikazimeza tarakimu za mwisho. Chukueni kalamu.