Kubana Faili za Kikundi: Tuchague Programu Ipi?

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Meru na Embu)



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha ng'ombe wa maziwa kule Nkubu, au cha akina mama wa Siakago, kikiwa na kompyuta. Mara nyingi si ya kikundi hasa. Ni ya nyumbani kwa katibu, au ya kijana wake aliye chuoni. Humo ndimo zinakaa kumbukumbu za mikutano, katiba, hesabu za mikopo na picha za mradi. Halafu ofisi inaitisha zote kwa barua pepe, na katibu anaambiwa, "Zibane kwanza." Sasa zibanwe na programu gani? Na je, ni ya kulipia?

Hebu tuone kwanza kubana ni nini. Katibu akiandika orodha ya wanachama kwa mkono, jina la kijiji, tuseme Kanyuambora, analiandika kwa mtu wa kwanza. Kwa wanaofuata anaweka vile vialama viwili vya "kama hapo juu". Kwa watu 40 ameokoa wino na nafasi, na hakuna neno lililopotea. Programu ya kubana hufanya vivyo hivyo: hutafuta yanayojirudia, huyaandika mara moja, na kwingine huacha alama. Ukifungua, yote yanarudi yalivyokuwa, hata senti moja haipungui.

Lakini msidanganywe. Picha ya simu imeshabanwa na simu yenyewe. Ni kama robota la mitumba la Gikomba: limeshindiliwa kwa mashine, ulikanyage utakavyo halitapungua tena. Hata faili za Word na Excel za namna iliyoanza mwaka 2007 huwa zimebanwa tayari ndani kwa ndani. Zile za zamani ndizo hupungua sana. Kwa hivyo picha 10 za MB 4 kila moja ni MB 40, na Gmail haibebi viambatisho vinavyozidi MB 25. Hapo hakuna programu ya kukuokoa, hata ungeilipia pesa ya mkutano mzima. Punguza ukubwa wa picha zenyewe, au tuma mara mbili.

Basi kama hazipungui sana, tunabana kwa nini? Kwanza, faili 30 zinakuwa kifurushi kimoja, na ofisi haiwezi kusema ilipata katiba ikakosa kumbukumbu. Pili, na hili ndilo zito, kifurushi kinaweza kutiwa kufuli. Kwenye orodha yenu mna nambari za vitambulisho, nambari za simu, na nani anadaiwa ngapi. Flashi ikisahaulika kwa saiba pale Meru mjini, mambo ya Mama fulani yatasomwa na kila mtu. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na haijasema vikundi vidogo viache siri za wanachama wazi.

Sisi tunapendekeza aina ya ZIP. Ni ya tangu mwaka 1989, enzi ambapo disketi nzima ilibeba MB 1.44 tu, na kwa sababu ya umri huo karibu kila kompyuta inaifungua. Windows inaweza kuitengeneza bila kuongeza programu yoyote. Kwa katiba na kumbukumbu za kawaida, hiyo inatosha.

Kile cha Windows hakitii kufuli. Kwa orodha ya wanachama na mikopo, chukueni 7-Zip. Ni ya bure kabisa, hata kwa kikundi au kampuni. Ichukueni kwa tovuti yake yenyewe, 7-zip.org, kwa maana kuna za kuiga zenye virusi. Mkiweka neno la siri, chagueni AES-256, na anayepokea awe na 7-Zip pia. Mjue kwamba kufuli ya ZIP inafunika yaliyomo, haifuniki majina ya faili. Msiite faili "Waliokataa kulipa".

WinRAR je? Ni nzuri, lakini ni ya kujaribu siku 40, kisha inadai leseni. Wengi huendelea nayo tu bila kulipa. Sisi hatuoni vizuri kikundi kinachomtoza mwanachama faini kwa kuchelewesha mchango kitumie programu isiyolipiwa. Mkitumiwa faili ya RAR, 7-Zip itaifungua. Na programu yoyote mtakayochagua, ibadilisheni kila toleo jipya likitoka, kwani hizi mbili hazijisasishi zenyewe. Mwaka 2023 wezi wa mitandao walipitia tundu la WinRAR ya zamani.

Sasa neno la siri. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, hakuna anayeuliza kwa nini. Iweje basi hesabu zote za kikundi zikae kwa neno lililo kichwani mwa katibu peke yake? Akiolewa mbali, akiugua, au mkikosana, faili hazifunguki tena. Hakuna ofisi ya kukurudishia neno la siri la ZIP. Liandikeni, mtie kwenye bahasha, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi juu ya gundi, na ikae ndani ya sanduku hilo hilo. Kwa ofisi, litajeni kwa simu, si kwenye barua pepe ile ile.

Msifute faili za mwanzo kabla ya kujaribu kifurushi kwenye kompyuta nyingine, na nakala moja ilale nyumba tofauti. Leteni flashi zenu hapa mbele, tuanze na orodha za wanachama.